Nyuroni za Bandia, Fahamu na Taklifu: Yakini Haiondolewi na Shaka



Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wao mpaka siku ya Kiyama.

Ndugu msomaji, somo la toleo hili limetokana na swali ambalo wenzetu wa kitivo cha tiba na wale wa kompyuta hupenda kutuuliza sisi tunaosoma masomo ya Kiislamu. Wanauliza hivi: mtu akiondolewa sehemu ya ubongo iliyoharibika, na nafasi yake ikajazwa nyuroni zilizotengenezwa na binadamu, fahamu inayobaki ni ya nani? Sala yake ni yake? Akimtamkia mkewe talaka, imepita?

Majibu mawili ya haraka husikika sana. La kwanza husema kwamba mambo ya roho ni ya Allah peke yake, basi tusijishughulishe nayo. La pili husema roho si chochote ila umeme wa ubongo, na sayansi itamaliza mjadala. Jibu la kwanza linamwacha mgonjwa bila hukumu ya sheria, naye anaihitaji leo. Jibu la pili linadai ujuzi ambao hata wanasayansi wenyewe hawaudai. Somo hili linajaribu njia ya tatu: tujue sayansi imefika wapi hasa, kisha tutazame zana ambazo wanazuoni wetu wametuachia. Inshaallah tutaona kwamba kwa sehemu kubwa ya maswali haya, Muislamu anaweza kujua wajibu wake hata kabla fumbo la fahamu halijafumbuliwa.

SAYANSI IMEFIKA WAPI?

Ubongo wa mtu mzima una nyuroni, yaani seli za neva, zipatazo bilioni 86. Kila moja hupokea ishara kutoka kwa nyingine nyingi. Ishara zikijumlishwa zikafikia kiwango fulani, nyuroni hupiga mshtuko mdogo wa umeme unaosafiri mpaka mwisho wa mkia wake, na hapo humwaga kemikali inayoamsha au kutuliza nyuroni inayofuata. Maungano ya namna hiyo kwa nyuroni moja huweza kufika maelfu. Kuona kwetu, kukumbuka kwetu na kunuia kwetu huendana na shughuli hii.

Kuna ngazi tatu za kukutana kwa ubongo na vitu vya kutengenezwa, na ni vizuri tusizichanganye.

Ngazi ya kwanza ni vifaa vinavyozungumza na neva. Kifaa cha kusikia kinachopandikizwa ndani ya sikio hupitisha umeme moja kwa moja kwenye neva ya kusikia, na mpaka mwisho wa mwaka 2019 vifaa zaidi ya 700,000 vilikuwa vimepandikizwa duniani. Mwaka 1987, mjini Grenoble, Ufaransa, daktari Alim-Louis Benabid na wenzake walianza kutumia elektrodi zilizozamishwa ndani ya ubongo ili kutuliza kutetemeka, na leo tiba hiyo ni ya kawaida kwa wagonjwa wa Parkinson. Januari 2024 kampuni ya Neuralink ilimpandikiza mtu wa kwanza chipu yenye elektrodi 1,024 zinazosoma ishara za ubongo, akaweza kusogeza kishale cha kompyuta bila kutumia mikono. Hata hapa kwetu Uganda, hospitali ya CURE mjini Mbale imetibu watoto wenye kichwa kujaa maji kwa zaidi ya miaka 20, na baadhi yao huishi na mrija uliopitishwa ndani ya ubongo. Mrija huo si nyuroni. Lakini unatukumbusha kwamba kitu cha kiwandani ndani ya kichwa cha mwanadamu kimekuwa jambo la kawaida, wala hakuna aliyewahi kusema mtoto yule amepungua utu.

Ngazi ya pili ni kuiga au kusaidia kazi ya nyuroni zenyewe. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, walitangaza kwamba wametengeneza chipu za silikoni zinazoitikia ishara za umeme karibu sawasawa na nyuroni hai za panya, zikiwemo za sehemu ya kumbukumbu na za kuongoza pumzi. Mwaka mmoja kabla, watafiti wa Marekani walifanya kazi na wagonjwa wa kifafa waliokuwa tayari wana elektrodi vichwani kwa ajili ya matibabu yao. Kompyuta ilisoma mpangilio wa ishara za mgonjwa mwenyewe anapokumbuka vizuri, kisha ikaurudisha mpangilio huo kwenye ubongo wake wakati wa majaribio mengine. Matokeo ya kukumbuka yakapanda kwa zaidi ya theluthi moja.

Ngazi ya tatu ni seli hai zilizowekwa juu ya mashine. Oktoba 2022 watafiti wa Cortical Labs, Melbourne, Australia, waliandika kwamba wameotesha nyuroni zipatazo 800,000, nyingine zikitokana na seli shina za binadamu na nyingine za panya, juu ya bamba la elektrodi. Seli hizo ziliunganishwa na mchezo wa kompyuta wa kupiga mpira kwa kibao. Zikiupiga mpira zilipata ishara tulivu inayotabirika. Zikiukosa zilipata ishara za fujo. Ndani ya dakika tano hivi mchezo wao ulianza kuwa bora. Watafiti wale walitumia neno la kuhisi katika kichwa cha makala yao, na wanasayansi wenzao wakawapinga kwamba neno hilo limevuka mipaka ya ushahidi.

Tuweke wazi jambo moja: mpaka sasa hakuna mtu anayetembea duniani ambaye sehemu yake ya kufikiri imeondolewa na kujazwa nyuroni bandia. Tunalolijadili ni la mbele yetu, lakini njia inayoelekea huko imekwisha kuanza.

SWALI LA NYURONI MOJA MOJA

Wanafalsafa wamelitazama jambo hili kwa mfano wa kufikirika. Chukua mtu mmoja, tumwite Bakari. Ondoa nyuroni moja katika ubongo wake, weka ya silikoni inayopokea na kutoa ishara zile zile. Kesho ondoa nyingine. Endelea hivyo mpaka zote ziwe za silikoni. Kwa nje Bakari ni yule yule: anacheka, anasoma, anakumbuka jina la mama yake. Swali ni je, ndani yake bado kuna mtu anayehisi?

David Chalmers, mwanafalsafa wa Australia, aliliandikia swali hili mwaka 1995. Anasema kuna njia tatu. Ama fahamu inazimika ghafla kwenye nyuroni fulani, au inafifia kidogo kidogo huku Bakari akiendelea kusema haoni tofauti yoyote, au inabaki. Ya kwanza anaiona ngeni, kwa sababu ni ajabu nyuroni moja kati ya mabilioni iwe ndiyo swichi. Ya pili anaiona ngeni pia, maana ingebidi Bakari awe na akili timamu na wakati huo huo awe amekosea kabisa kuhusu hisia zake mwenyewe. Kwa hiyo anaegemea ya tatu.

John Searle wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1992, hakukubali kwamba jambo hilo liko wazi. Kwake fahamu ni kazi ya mwili kama kusaga chakula. Kifaa kinachotoa ishara zile zile kinaweza kisitoe fahamu ile ile. Inawezekana, anasema, Bakari akajikuta anazama gizani huku mdomo wake ukiendelea kusema kwamba anaona vizuri.

Msomaji atambue kwamba hakuna kati ya wawili hawa aliyeleta kipimo. Hakuna chombo cha hospitali kinachoweza kumwambia daktari kuwa kwa ndani Bakari yupo au hayupo. Tunabaki na maneno yake na matendo yake. Hili tulishike, tutalirudia.

WANAZUONI WETU NA MWILI UNAOBADILIKA

Je, swali hili ni geni kwa Waislamu? Si geni kama tunavyodhani. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alitoa mfano wa mtu aliyeumbwa mara moja akiwa mzima, anaelea hewani, haoni kitu, hasikii, na viungo vyake havigusani. Alisema mtu huyo angejua kwamba yeye yupo, hata asijue kama ana mkono au moyo au ubongo. Kwake hii ilikuwa ishara kwamba nafsi si kiungo chochote cha mwili.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikutana na hoja iliyo karibu zaidi na mfano wetu. Wanafalsafa wa zama zake walisema kwamba mwili wa mtu huyeyuka na kujengwa upya kwa chakula, kiasi kwamba mzee hana tena chembe alizokuwa nazo utotoni, na bado ni mtu yule yule. Kwa hiyo lazima utu wake uwe katika nafsi iliyo nje ya mwili. Katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa, Ghazali aliwajibu kwamba hoja hiyo haitoshi, kwani hata mnyama na mti hubadilika hivyo hivyo na bado twasema ni mti ule ule. Ghazali hakuikana nafsi. Alichokataa ni madai kwamba akili peke yake imethibitisha ilivyo. Na katika mjadala wa ufufuo, kitabu hicho hicho kinaeleza kwamba mtu huwa mtu kwa nafsi yake, kwa hiyo hakuna muhali Allah akiirudisha nafsi katika mwili wa mada ile ile au mada nyingine.

Tunapata mafunzo mawili hapa. Kwanza, kubadilika kwa sehemu za mwili hakujawahi kuonwa na wanazuoni hawa kuwa kunamfuta mtu. Pili, walikataa kuitundika dini juu ya hoja ya kifalsafa inayoweza kuanguka kesho. Tunaopenda kutangaza kwamba sayansi imethibitisha roho, au tunaoogopa kwamba chipu itaikanusha, tuna la kujifunza kwa Ghazali.

TUTENGANISHE MAMBO MATATU

Mkanganyiko mwingi katika mada hii unatokana na kuchanganya maneno matatu: roho, fahamu na akili. Ghazali mwenyewe, katika mlango wa Ihya unaohusu maajabu ya moyo, alianza kwa kufafanua maneno moyo, roho, nafsi na akili, akaonesha kwamba kila moja lina zaidi ya maana moja. Nasi tufuate adabu hiyo.

ROHO. Qur-an (17:85) inatufunza kwamba roho ni katika amri ya Mola, na kwamba tuliyopewa katika elimu ni machache tu. Hatuioni wala hatuipimi. Tunachokiona ni dalili za uhai. Hukumu zinazofuatana na uhai ni heshima ya mwili, uharamu wa kuua, mirathi, kuoshwa na kusaliwa.

FAHAMU. Hii ni ile hali ya kuhisi na kuwa macho. Qur-an (39:42) inataja kwamba Allah huzichukua nafsi wakati wa kufa, na zile zisizokufa huzichukua usingizini, kisha huzirudisha nyingine mpaka muda uliowekwa. Basi mtu aliyelala ameondokewa na fahamu kwa namna fulani, lakini yu hai, mali yake ni yake, na mkewe ni mkewe. Kuondoka kwa fahamu si kuondoka kwa utu. Jambo hili tunalishuhudia kila usiku.

AKILI. Hii ni uwezo wa kupambanua na kuuelewa mwito wa sheria. Ndiyo nguzo ya taklifu. Hadithi mashuhuri, iliyopokewa na Abu Dawud na wengineo, inaeleza kwamba kalamu imenyanyuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka akili imrudie. Maulamaa walitofautiana akili inakaa wapi. Imenukuliwa kwa Abu Hanifa kwamba iko kichwani, na wengi katika Mashafi'i na Wamaliki wakasema iko moyoni. Pamoja na tofauti hiyo, walikubaliana kwamba anayemsababishia mwenzake kupoteza akili analipa dia kamili. Tazama hekima iliyomo: hawakusubiri kukubaliana mahali akili ilipo ndipo wailinde.

Sasa rudi kwa Bakari. Swali la wanafalsafa linahusu fahamu, la pili katika orodha yetu. Lakini sala, talaka, ushahidi na mauzo vinategemea akili, ambayo hujulikana kwa dalili za nje. Na heshima ya mwili wake inategemea uhai. Tunaweza basi kutofautiana na Searle au kukubaliana naye, na bado tukajua namna ya kuamiliana na Bakari.

KANUNI YA YAKINI NA SHAKA

Kila mwanafunzi wa madrasa anajua mas-ala ya mtu mwenye udhu aliyeingiwa na shaka kama umevunjika. Hukumu ni kwamba ana udhu, kwa sababu yakini haiondolewi na shaka. Kanuni hii ni moja katika kanuni kuu tano za fiqhi, na ndani yake mna kile wanausuli wanachokiita istis-hab: jambo lililothibiti hubaki lilivyo mpaka ije dalili ya kulibadilisha.

Tuitumie. Kabla ya upasuaji, Bakari ni mukallaf kwa yakini. Imewekwa nyuroni ya kwanza, tuna shaka. Ya elfu moja, tuna shaka. Sehemu nzima ya kumbukumbu, bado ni shaka. Maadamu anafahamu anachoambiwa, anajibu, anapambanua halali na haramu, basi ni mukallaf. Nia yake ni nia. Sala yake ni sala. Anaweza kusimama imamu tukasali nyuma yake. Anayesema kwamba ndani yake pengine hamna mtu, hajaleta dalili. Ameleta uwezekano tu. Na sheria inatuamrisha kuhukumu kwa yaliyo dhahiri, ya ndani ni ya Allah. Hata huyu tunayegusana naye bega safuni, hisia zake za ndani hatujawahi kuziona.

Hapo mtu ataleta pingamizi zuri: kama dhahiri inatosha, basi programu ya kompyuta inayojibu vizuri nayo iwe mukallaf? Jibu ni hapana, na linatoka katika kanuni ile ile. Istis-hab hulinda hali iliyokwisha kuthibiti, haianzishi hali mpya. Bakari ana jana inayojulikana: alizaliwa, alibaleghe, alishuhudia kwamba hapana mola ila Allah. Mashine haina hali hiyo ya mwanzo, na asili ya jambo ambalo halijathibiti ni kutokuwepo. Kwa hiyo shaka ile ile inamwacha Bakari kuwa mtu na inaiacha mashine kuwa mashine.

Lakini kanuni hii tusiibebeshe mzigo inaoshindwa. Wanausuli wameihesabu istis-hab kuwa kimbilio la mwisho la mufti. Ikija dalili yenye nguvu zaidi, inaondoka. Tuseme zimeondolewa nyuroni zote, hakuna hata seli moja hai iliyobaki kichwani. Jumuiya ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, ilipitisha kwamba mtu huhukumiwa amekufa ama moyo na pumzi zikisimama moja kwa moja, ama kazi zote za ubongo zikisimama kabisa na madaktari mabingwa wakaamua kwamba hazirudi na ubongo umeanza kuoza. Sasa, aliyeondolewa ubongo wote na mahali pake pakawekwa mashine inayofanya kazi zote, kazi za ubongo zimesimama au zinaendelea? Maneno ya azimio lile hayakuandikwa kwa ajili ya hali hii. Hapa ndipo panapohitajika ijtihadi ya pamoja ya maulamaa na madaktari, wala si pa mwanafunzi kutoa kauli ya mwisho.

MGONJWA WA UHOLANZI

Tusije tukadhani yote haya ni ya kufikirika. Mwaka 2004 madaktari wa Uholanzi waliandika kuhusu mgonjwa wa Parkinson mwenye umri wa miaka 62 aliyewekewa elektrodi ubongoni. Kifaa kikiwashwa, mwili wake ulitulia na aliweza kujihudumia, lakini alipandwa na wazimu wa furaha kupita kiasi, akashindwa kujizuia na hakuweza kuamua mambo yake. Kikizimwa, akili ilimrudia sawasawa, lakini mwili ukaganda akawa wa kitandani. Dawa na marekebisho ya kifaa hayakuleta suluhisho la katikati. Madaktari walimuuliza akiwa kifaa kimezimwa, yaani akiwa na akili yake. Alichagua kiwashwe, naye aishi katika hospitali ya wagonjwa wa akili.

Mwanafunzi wa fiqhi akisoma kisa hiki anakutana na mlango anaoujua: mwendawazimu wa vipindi. Wanazuoni walisema anayepatwa na wazimu na kuzinduka, kila tendo lake huhukumiwa kwa hali aliyokuwa nayo alipolitenda. Uamuzi alioutoa akiwa timamu unazingatiwa. Talaka ambayo mtu kama huyu angeitamka kifaa kikiwa kimewashwa na akili imefunikwa haipiti, kama isivyopita talaka ya mwendawazimu.

Utauliza, je, si yeye mwenyewe aliyechagua kuwashiwa, kama mlevi aliyechagua kunywa? Hapa pia wametangulia. Walitofautisha kati ya aliyeondoa akili yake kwa maasi bila udhuru, ambaye talaka yake wamekhitilafiana, na aliyekunywa dawa kwa haja ya kujitibu ikamwondolea akili, ambaye hukumu yake ni kama ya mwendawazimu. Elektrodi ya matibabu iko upande wa dawa. Hata hivyo, akivunja mali ya mtu katika hali hiyo, fidia inalipwa kutoka katika mali yake, kwa sababu dhamana ya mali haitegemei taklifu; hata mtoto mdogo akiharibu kitu cha watu, kinalipwa. Dhambi imenyanyuliwa, haki ya jirani haikunyanyuliwa.

Zingatia, ndugu yangu, kwamba hatukuhitaji kujua elektrodi inaigusaje roho. Tulihitaji kujua hali ya akili yake kila wakati, na hilo madaktari na familia wanaweza kulishuhudia.

SELI ZA KWENYE BAMBA

Vipi kuhusu zile nyuroni 800,000 za Melbourne? Kwa kanuni tuliyoitaja, hatuzihukumu kuwa mtu wala kuwa na roho ya kibinadamu. Kuitikia umeme si dalili ya akili. Mmea wa kifauwongo nao hujikunja ukiguswa. Lakini mambo mawili yabaki akilini.

La kwanza ni asili ya seli. Jumuiya ile ile ya Fiqhi ilikutana Jeddah Machi 1990 na kujadili upandikizaji wa seli za ubongo na mfumo wa neva. Ilieleza kwamba makusudio si kuhamisha ubongo wa mtu mmoja kumpa mwingine, bali kutibu upungufu wa seli fulani. Kisha ikatazama seli zimetoka wapi. Zikitoka katika tezi ya mgonjwa mwenyewe, inafaa. Zikioteshwa maabara, inafaa pia, kwa sharti chanzo chake kiwe cha halali. Kuporomosha mimba kwa makusudi ili kupata seli, haifai. Katika kikao hicho hicho ilikataza kupandikiza korodani na ovari, kwa kuwa hizo huendelea kubeba sifa za kurithi za mwenyewe. Kwa hiyo azimio la kupandikiza nyuroni halikusubiri hesabu ya fahamu imo kiasi gani ndani ya seli. Liliuliza zimepatikanaje na zinatumika kwa lengo gani. Kampuni ya Melbourne ilianza mwaka 2025 kuuza kompyuta yenye nyuroni za binadamu ndani yake. Swali la Jeddah linatuhusu basi: mwenye seli aliridhia? Mwili wa binadamu umetukuzwa, si bidhaa ya kuuza na kununua.

La pili ni maumivu. Uislamu umetukataza kumtesa hata mnyama asiye mukallaf. Tunamjua mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfunga bila kumlisha. Paka hakuhitaji akili ya kupambanua halali na haramu ili ateswe ikawa dhambi. Ilitosha kwamba anaumia. Basi siku maabara zitakapoleta dalili za kweli kwamba seli zilizounganishwa namna fulani zinaumia, wajibu wa huruma utatufikia hata kama hazijawa mtu. Kabla ya siku hiyo, tahadhari ni katika ucha Mungu.

HITIMISHO

Tufupishe. Aliye na kifaa ubongoni, au atakayekuwa na nyuroni bandia kesho, ni ndugu yetu mwenye haki zote na wajibu wote alionao kwa yakini, mpaka ije dalili iliyo wazi. Asiambiwe kwamba ibada yake ina kasoro. Asinyimwe ushahidi, nikaha wala uimamu kwa kuwa ana waya kichwani. Akili yake ikifunikwa, tumhukumu kwa hali yake ya wakati ule, tulinde mali yake na za wenzake. Mashine haiwi mtu kwa kusema vizuri. Seli za maabara zitazamwe chanzo chake, lengo lake na uwezekano wa kuumia. Na lile la mwisho, la ubongo uliobadilishwa wote, tuwaachie wenye uwezo wa ijtihadi huku nasi tukisoma kwa bidii, maana baadhi yao huenda wakatoka katika madarasa yetu haya.

Haya si fatwa. Ni somo la mwanafunzi kwa wanafunzi wenzake. Mwenye mgonjwa wa kweli nyumbani amwendee shekhe mwenye elimu pamoja na ripoti ya daktari.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA HALAQA

1. Taja tofauti kati ya roho, fahamu na akili, na hukumu moja inayotegemea kila mojawapo.

2. Kwa nini kanuni ya istis-hab inamsaidia Bakari na haiisaidii programu ya kompyuta?

3. Mgonjwa ameandika wasia kifaa kikiwa kimezimwa, akaubadilisha kikiwa kimewashwa na akili yake imefunikwa. Wasia upi unazingatiwa, na kwa dalili gani?

4. Wenzetu wa kitivo cha tiba watueleze: ni dalili zipi za kitabibu zinazoweza kumsaidia kadhi kujua kwamba akili ya mgonjwa mwenye elektrodi iko timamu saa ile?

Tunamuomba Allah (s.w.) atuzidishie elimu yenye manufaa, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie tuwe wenye kusimama pale elimu yetu inapokomea. Wabillahi tawfiq. Wallahu a'lam.